Mama Nora na Shingo za Watu

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mama Nora ni kwamba hakunitazama usoni. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1991, nikiwa mwalimu mpya wa bayolojia mjini Arua, kaskazini mwa Uganda, nilisimama sokoni mbele ya samaki wake wakavu nikamsalimu. Macho yake yalipita kidevu changu, yakatua shingoni, kulia, kisha kushoto. Ndipo akaitikia.

“Usiogope, Mwalimu,” akacheka Candiru, muuza unga wa meza ya pili. “Huyu iko natafuta tu mahali ya kukuchinja.”

“Nyamaza wewe! Shingo gani hii? Hata kuku inamushinda,” Mama Nora akamjibu.

Kwa adabu nikamuuliza, “Nora hajambo?”

Kicheko cha Candiru kikakatika.

Jina hasa la Mama Nora lilikuwa Santina, mzaliwa wa Koboko, karibu na mpaka wa Zaire. Akafungua kitambaa alichojifunga shingoni, akaanza kunisimulia. Upande wa kulia, juu kidogo ya mtulinga, palikuwa na tundu dogo kama la hereni, likitoa ute. Alizaliwa nalo. Mwanawe Nora naye alizaliwa nalo mwaka 1978, upande uleule. Mama mkwe wake alilitazama akasema, “Hapa ndipo marehemu wanapumulia.” Tangu siku hiyo hakula chombo kimoja na mtoto.

Mwaka 1980 vita vilipofika Koboko, walikimbilia Zaire. Santina alibeba unga na sufuria. Mama mkwe alimbeba Nora. Bunduki zikalia, watu wakatawanyika kwenye manyasi. Santina alipompata mama mkwe ng’ambo ya mpaka, kanga ya kubebea mtoto ilikuwa mkononi mwake, tupu.

“Alisema mtoto imepotea,” Santina aliniambia. “Lakini kanga ilikuwa imekunjwa vizuri, Mwalimu. Mutu anakimbia risasi, anakunja kanga?”

Mama mkwe alifia katika kambi ya wakimbizi bila kujibu. Miaka yote tangu hapo Santina alikagua shingo za wasichana, sokoni, kanisani, visimani. Upepo ulipopiga mluzi kwenye mabati, alifunika tundu lake kwa kiganja na kugeuka nyuma, kana kwamba mtu ameita.

Niliona namna moja tu ya kumsaidia. Nikachukua karatasi ya kufungia samaki, nikachora. Mtoto akiwa na wiki chache tumboni, nilimweleza, shingo yake bado si shingo. Kila upande kuna matuta, na kati ya matuta kuna mifereji. Tuta la pili hukua likashuka na kuwafunika wenzake kama blanketi. Nafasi iliyobaki chini yake huzibika. Mara chache haizibiki; mtoto huzaliwa na njia nyembamba inayofunguka shingoni. Wakati mwingine jambo hilo hufuata ukoo.

“Basi si marehemu?”

“Si marehemu. Wala si kosa lako.”

Alishusha pumzi ndefu. “Na dawa?”

“Daktari wa upasuaji huiondoa njia yote. Pengine hukata mahali pawili, chini na juu yake. Majeraha yakipona, hubaki alama mbili fupi, kama vipandio vya ngazi.”

Nilitegemea afurahi. Badala yake akajifunga tena kitambaa.

“Mimi natafuta tundu,” akasema polepole. “Kama walimushona, nimemupita. Pengine nilimuuzia samaki.”

Candiru aliniambia kwamba wiki ile Santina hakulala usiku. Alizipitia upya akilini nyuso zote alizoziacha zipite. Kisha akawaambia madereva wote wa mpakani watafute alama mbili.

Mwezi uliopita Sulaiti, dereva wa lori la Ariwara, mji wa ng’ambo ya mpaka, alirudi na habari. Karibu na soko la kule kuna mjane aliyeokota mtoto wa wakimbizi mwaka uleule wa vita. Sasa ni msichana wa miaka kama kumi na mitatu. Watawa walimpeleka kupasuliwa shingo akiwa mdogo. Mjane amekubali kumleta Jumamosi kwa lori la Sulaiti.

“Na kama si yeye?” Candiru alimuuliza Santina.

“Atakula, halafu atarudi kwa mama yake.”

Leo ni Jumamosi. Santina hakupanga samaki. Msichana hajui Kikakwa, lugha ya Santina, kwa hiyo Candiru amemfundisha maneno ya Lingala ya kumwita mtoto wake aje. Santina amekaa kando ya barabara, midomo ikiyarudia: *Yaka, mwana na ngai.* Vumbi limeinuka upande wa mpakani. Sulaiti bado hajapiga honi.