Samaki wa Mama Hadi na Mfuniko wa Mninga

Fundi Felicitas alikuwa mtu wa kukubali mambo kwanza, kichwa kikamuuma baadaye. Ndivyo alivyokubali kuolewa na mchonga vinyago, ndivyo alivyokubali kushona sare za kwaya tatu kwa Pasaka moja, na ndivyo alivyowapokea samaki wa Mama Hadi ilhali nyumbani ana paka.

Mama Hadi, ambaye jina lake hasa ni Dilshad, alikuwa mteja wake wa miaka tisa pale Mbezi Beach. Kila mwaka kabla ya Muharram, mwezi wao wa maombolezo, alileta vitambaa vyeusi akashonewa mabuibui, na hakuwahi kumsumbua mtu kwa ajili ya pindo. Mwaka huu alikuja bila kitambaa. Dereva wake alikuwa amekumbatia kitanki cha kioo, na ndani yake waliogelea samaki wawili wa mapambo, mmoja rangi ya chungwa, mwingine mweupe pe. Mama Hadi alikuwa anakwenda Karbala, Iraq, kuzuru makaburi matakatifu, wiki tatu. Nyumba yake ilibaki tupu, kwa sababu mumewe, mzee Rahemtulla, alifariki mwaka jana, na mwanawe Hadi anaishi ng'ambo.

"Marehemu alikuwa anawalisha kwa mkono wake," alisema. "Huyu mweupe alimnunua wiki moja kabla hajatutoka. Nakuachia amana, Feli. Na kama nimewahi kukukosea, unisamehe."

Hiyo ni desturi ya Waislamu wa Kishia: anayekwenda ziyara hupita kwa jamaa na majirani kuomba radhi. Felicitas alicheka. "Ah, Mama Hadi, unikosee nini wewe? Nimeshasamehe zamani." Aliyasema hayo pini zikiwa bado mdomoni, akaonyeshwa chakula cha samaki, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili kila baada ya siku mbili, na akaambiwa maji yao yawe yamelala ndooni kwanza. Alijibu ndiyo kwa kila kitu.

Chini ya cherehani paka alikuwa ameshakaa kitako, macho juu.

Paka huyo aliitwa Bwana Afya, kwa sababu hakuna chungu, kabati wala kapu asilolikagua. Kumfukuza haikuwezekana. Kabla yake panya walimfanyia Felicitas unyama: walitoboa gauni la bibi harusi kiunoni siku mbili kabla ya ndoa, naye akakesha akishona ua juu ya tundu huku akitukana. Tangu Bwana Afya aje, hapakuwa na uzi ulioguswa. Fundi wa nguo mwenye akili hamtupi paka wa namna hiyo. Lakini pia mtu mwenye akili hamuweki mbele ya samaki.

Siku ya kwanza kitanki kilikaa mezani. Bwana Afya alipanda akanywa maji yake, taratibu, kama mteja aliyeagiza. Siku ya pili kikapandishwa juu ya kabati, akapanda kabati. Herieth, jirani wa mlango wa pili na bingwa wa kutoa ushauri ambao haujaombwa, alisema paka hawapendi maganda ya machungwa. Felicitas akazungusha maganda. Bwana Afya akayalalia. Siku ya nne alimkuta ametumbukiza mkono mpaka kwapani, na yule mweupe amejibanza kwenye kona. Alichukua kipande cha kitenge akakizungushia kioo pande zote, paka asiwaone. Halafu akamgeukia mumewe.

"Venance, nichongee mfuniko. Leo."

Venance ni mtoto wa Newala, kwa Wamakonde wachongaji, na mikono yake ni ya baraka, hilo halina ubishi. Tatizo ni neno "leo". Alikwenda kwenye kibanda chake cha kuchongea, akapotea. Siku nne nzima Felicitas alishona huku jicho moja liko juu ya kabati, akamshonea mteja kiuno cha vipimo vya mtu mwingine, akaunguza kola kwa pasi, na kila Venance alipoulizwa alijibu kwamba mbao inataka subira.

Siku ya tano tangu aombwe akaja nao. Ulikuwa wa mninga, umekaa barabara mdomoni mwa kitanki, na juu yake amechonga samaki wawili wakifuatana, magamba yanahesabika. Uling'aa mpaka unajiona.

"Mie nilikuomba mbao," Felicitas alisema. "Sikukuomba kinyago."

"Kitu cha mtu lazima kipendeze," alijibu Venance, na usoni alionekana ameumia kidogo.

Ilikuwa Jumanne. Samaki walikuwa wamekula asubuhi ile, kwa hiyo wangeguswa tena Alhamisi. Felicitas aliufunika, akaujaribu kwa mkono, haukutikisika. Akamwambia paka, "Haya sasa, tuone." Alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu ziyara ile ianze.

Jumatano Bwana Afya akaingiwa na wazimu. Alipanda juu ya mfuniko, akaukwaruza, akalia kwa sauti ambayo hakuwahi kulia. Felicitas alimtupia kandambili. Akashuka, akarudi. Alimchapa kwa rula ya kukatia nguo. Akarudi. Wateja walikuwa wanauliza kama mnyama anaumwa. Alhamisi asubuhi, alipomkuta amening'inia ukingoni, kucha zimezama kwenye mgongo wa samaki wa mninga, Felicitas alijikuta anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa.

"Basi! Nimechoka! Acha panya wazile nguo, nitajua mwenyewe!"

Ferdinand, mdogo wake Venance, analinda yadi ya makontena Kurasini na usiku uliotangulia alikuwa amelala hapo kwa kaka yake. Alitiliwa paka ndani ya kiroba kilichotobolewa matundu ya hewa, akaondoka naye. Kiroba kilipiga kelele mpaka kona ya barabara. Felicitas akarudi kwenye cherehani.

Saa sita mchana, nyumba imetulia, alikumbuka kulisha. Aliuinua mfuniko kwa shida kidogo, na kabla hajaona kitu alisikia harufu. Ilikuwa harufu ya Jumapili asubuhi, ya viatu vinavyopigwa rangi tayari kwa misa. Mng'aro wa upande wa chini wa mninga ulikuwa umelainika kwa joto na unyevu, na juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta. Yule wa rangi ya chungwa alikuwa ameegemeza mdomo juu, akihema kwa shida. Mweupe alikuwa ameelea ubavu.

Alimwaga, akasuuza, akatia maji yaliyolala ndooni. Wa chungwa akaanza kuogelea baada ya nusu saa. Mweupe hakurudi.

Venance aliitwa kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

"Umepaka nini huku chini?"

"Dawa ya viatu. Si ndivyo tunavyong'arishaga?"

"Mpaka ndani?"

"Feli, mie sijawahi kuuza kazi iliyopakwa upande mmoja."

Alitaka kumrarua, na hakuweza, kwa sababu alisema kweli. Vinyago vyote vya mume wake vinang'aa mpaka kwenye nyayo ambazo hakuna mtu anayeziangalia. Na kitenge kilichoziba kioo, mtu asiweze kuona samaki wanahangaika, alikifunga nani? Alikifunga yeye, na mafundo yake ni mazuri. Mtu pekee katika nyumba ile aliyekuwa anajua kinachotokea chini ya mbao alichapwa rula akatiwa kwenye kiroba. Hasira yote ile na hapakuwa na mahali pa kuipeleka. Alikaa chini akalia.

"Sema ni paka," Venance alimwambia jioni, akiwa hamtazami. "Nani atabisha? Kila mtu anajua tuna paka."

Felicitas alilipinga wazo hilo siku ya kwanza. Siku ya tatu akawa analizoea. Mama Hadi alipotoka kwenye gari lake, amekonda kwa safari, mkononi ana mfuko wa tende, maneno yalikuwa yameshapangwa mdomoni.

"Shikamoo, Mama Hadi. Karibu. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuombea kule." Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kioo, ambacho sasa kilikuwa wazi. Akaona samaki mmoja tu. "Paka?"

Felicitas hakuhitaji hata kusema uongo. Ilitosha kuinamisha kichwa.

"Hapana," Felicitas alisema. "Paka hakumgusa. Ni sisi. Tuliwatengenezea mfuniko." Akautoa kabatini, akamwonyesha samaki wa mninga kwa juu, akaugeuza akamwonyesha chini, akaeleza yote, na kitenge pia. Mwisho akasema, "Nimekukosea, Mama Hadi. Unisamehe." Ilikuwa sentensi ileile aliyoichekea wiki tatu nyuma.

"Yupi?"

"Mweupe."

Mama Hadi alikaa kwenye kiti cha wateja. Alipitisha kidole juu ya magamba ya mbao, moja moja, na Felicitas akawa amesimama tu kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Tende zilikuwa bado mkononi mwa mama wa watu.

"Nimekusamehe," alisema hatimaye, na sauti haikuwa nyepesi. Alitazama chini ya cherehani. "Na paka yuko wapi?"

"Nilimfukuza. Yuko Kurasini."

"Kwa kosa gani?"

Felicitas aliiangalia rula ya kukatia nguo.

"Mimi nimekusamehe, bado yeye," alisema Mama Hadi, akainuka. "Twende na gari langu. Kamchukue."

Felicitas aliacha cherehani na gauni likiwa chini ya sindano, akafuata.