Samaki Hapinduliwi Mezani kwa Mzee Fang

Kazini Suzhen aliwaambia kwao ni Xiamen. Uongo mtupu. Kwao ni kisiwa cha Dongshan, mtaa wa wavuvi chini ya ukuta wa kale, na miaka tisa hakuwa amekanyaga huko. Alimfuata mwanamume wa Sichuan, mama yake akamwambia, "Ukipanda basi hilo, nyumba hii usiijue." Akapanda. Ndoa yenyewe ikadumu miaka miwili, jamani, miwili tu. Sasa arudi na uso gani?

Basi bosi wake, Bwana Geng, anayenunulia mahoteli ya Chengdu, huko huko Sichuan, vyakula vya baharini, aliposema anakwenda Dongshan kwa wauza ngisi wakavu, Suzhen alimsihi amchukue. Alidai anajua kuchagua ngisi. Anajua kweli, lakini si ngisi waliomtoa Chengdu.

Asubuhi walipofika kisiwani, wenyeji wakawatembeza. Hekaluni Bwana Geng akafukiza ubani, akaomba faida bila haya. Kisha wakapanda ukutani, akapigwa picha huku amelivuta tumbo ndani. Suzhen alijitenga, akatazama mapaa ya chini. Uani kwao kamba zilikuwa zimejaa ngisi, kwa hiyo mama alikuwa hai, na nguvu anazo. Ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Alitamani kushuka mbio mpaka kifua kikamuuma, ila gari la kuwarudisha stesheni lilikuwa liondoke saa tisa, na aibu nayo ilimzuia.

"Unatafuta nini huko chini, au ni mume?" Bwana Geng akamtania.

"Naangalia ngisi, bosi."

"Ngisi wako mezani. Twende tukale."

Mwenyeji wao, Mzee Fang, tajiri wa mashua tatu, aliandaa karamu ya mchana ya kumtoa mtu jasho. Bwana Geng akaketishwa kiti cha heshima, kinachoelekea mlango, na samaki mzima akawekwa kichwa kikimtazama yeye. Wakanyweshana pombe, vikombe kwa vikombe. Mashavu yakiwa mekundu, Bwana Geng akasema, "Suzhen, upande huu umekwisha. Hebu mpindue huyo samaki."

Wenyeji wote wakaacha kula. Kwa watu wa bara, hilo si kitu. Kwa wavuvi, kumpindua samaki ni kupindua mashua, na wana wawili wa Mzee Fang walikuwa baharini siku hiyo.

Suzhen hakufikiri. Alipenyeza vijiti chini ya mfupa kuanzia mkiani, akauinua wote na kuuweka kando, kisha akawapakulia nyama ya chini. Samaki hakusogea.

Mzee Fang akaweka kikombe chini. "Bosi wako kaniambia wewe ni wa Xiamen. Xiamen gani hiyo? Mkono huo ni wa nyumba yenye mashua. Binti, wewe ni wa nani?"

Angeweza kudanganya tena. Alichoka. "Wa Kang Meijin."

"Meijin wa ngisi? Yule aliyetukataza tusimtaje bintiye mbele yake?" Mzee akacheka, akatoa simu, akabonyeza, akamsogezea. "Haya, sema naye. Mimi ukali wake nimeuvumilia miaka ishirini."

"Fang, ngisi hawajakauka," sauti ikafoka. "Usinisumbue."

"Mama, ni mimi."

Suzhen aliisikia pumzi ya mama yake, akauma mdomo asilie mbele ya wenyeji. Alijua simu ikikatwa hapo, hatathubutu tena maisha yake yote.

"Umekula?" mama akauliza.

Mbele yake palikuwa na sahani ishirini na mbili. Kaa, kamba, chaza, bakuli lake limejaa, na midomo inang'aa mafuta.

"Bado, mama."

"Basi njoo, wali unapoa."

Suzhen akainuka. Bwana Geng alitazama saa, akafungua kinywa aseme, Mzee Fang akamjazia kikombe.