Chupa ya Mjerumani na Pombe ya Baba

Siku moja ya miaka ya sabini hainitoki kichwani, mwanangu, na nimeitafuta hata kwenye daftari langu kuukuu nione kama naikumbuka sawasawa. Daftari linasema ilikuwa Alhamisi. Mimi ningeapa ni Ijumaa. Tulifuate daftari, maana aliyeliandika alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na huyu anayekuandikia leo husahau hata alipoweka miwani.

Nilikuwa kibarua kwenye kambi ya kuchimba kisima karibu na Kathonzweni. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nikikwaruza mahali utanisamehe. Fundi wa mashine alikuwa Mjerumani aitwaye Jürgen, sisi tukamwita Yugeni. Siku hiyo niliomba ruhusa, kwa sababu Jumamosi baba yangu alikuwa anipelekee ntheo huko Kilungu, kwa kina Mbithe, msichana niliyempenda. Ntheo ni mbuzi na pombe ya asali wanayopelekewa wazazi wa msichana. Kabla ya ntheo huwezi kusema una mke, hata mkipendana vipi.

Yugeni aliposikia habari hiyo akaingia hemani, akatoka na chupa mbili zilizofungwa kwa gunia bichi ili zipoe. Dada yake alikuwa amezileta kutoka kwao.

"Moja tunywe sasa, bwana harusi. Moja ya baba."

"Ni kama bia ya baa?" nikauliza.

"Ya baa!" Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Akaniambia inaitwa altbier, bia ya mtindo wa zamani, na hii ilikuwa ile kali yenyewe, ambayo wapishi wake huipika mara chache tu kwa mwaka. Siku ikitoka, wateja huambiana kwa kunong'onezana isije ikawaishia.

Akanimiminia glasi, nami nikaiinua kama soda mchana wa jua.

"Polepole, wewe! Onja!"

Nikaonja. Ee mwanangu! Leo sinywi, tangu nibatizwe sinywi, na sikuandikii haya ili ukanywe. Lakini nitakuwa mwongo nikisema haikunishtua. Rangi yake ilikuwa ya shaba iliyosuguliwa, na ukiinua glasi kwenye jua unaona wekundu ndani. Povu lilikuwa zito, halikimbii. Kwanza nikanusa mkate uliokaukia karibu na moto, halafu njugu za kukaanga, halafu ule ukoko wa muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, unaoshika chini ya chungu, ambao sisi watoto tulikuwa tunaupigania. Mdomoni ikaanza na utamu kama wa asali nyeusi ya kiangazi. Nikasema, aa, kumbe ni tamu tu! Kabla sijamaliza kusema, uchungu ukaja, uchungu safi wa majani, ukafagia ule utamu wote na kuuacha ulimi mkavu ukitaka tena. Kisha joto likashuka kifuani polepole. Nilicheka peke yangu. Nilitaka kumwita kila mtu kambini!

Ili nisiwe mwenye kupendelea, niseme pia kwamba kufikia nusu ya glasi uchungu ulinizidi, na ilipopata joto haikuwa tena ile ya mwanzo. Na pengine niliipenda zaidi kwa sababu imetoka mbali. Sijui. Niliandika ukurasa mzima usiku wa siku ile, na sehemu nyingine leo naziona aibu.

Nilifika nyumbani kesho yake mchana. Baba alikuwa ameketi mbele ya ghala na vibuyu viwili vikubwa vya pombe ya ntheo. Alikuwa mpishi wa pombe aliyejulikana mpaka Kasikeu. Lakini mwezi wa Aprili homa ya baridi ilimlaza wiki tatu, na ilipoondoka iliondoka na pua yake. Hakunusa kitu tena, hata moshi. Na kwetu pombe ya ntheo haionjwi na jirani kabla ya wakwe. Ni ya wenye boma. Mama alikuwa mtu wa kanisa, hata kibuyu hakukigusa. Nilibaki mimi.

"Kisilu, onja," akasema baba. "Mimi naikoroga kama kipofu."

Nikaonja. Mwanangu, ilikuwa imeharibika. Chini ya utamu wa asali kulikuwa na kitu kibaya, na kikabaki kooni hata nilipomeza mate. Nikamtazama yule mzee akinitazama mdomo. Nikafikiria mbuzi waliokwisha kufungwa kwa safari, na Mbithe anayenisubiri, na asali ya mwaka mzima iliyoko ndani ya vile vibuyu. Nikasema:

"Tamu, Baba."

"Vizuri," akasema.

Haraka nikatoa ile chupa ya Yugeni, nibadilishe mazungumzo. Baba akanywa, akakunja uso. "Naona uchungu na povu, basi. Hebu nieleze wewe, ina nini?"

Lo, nikafunguka! Nikamweleza mkate, njugu, ukoko wa muthokoi, ule utamu unaofagiwa, lile joto la kifuani. Nikasimama, nikatumia mikono. Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Mhubiri amerudi! Jumapili tumpe mimbari, au anahubiri chupa tu?" Tukacheka wote watatu. Baba alicheka mpaka akajifuta macho.

Kisha kicheko kikaisha. Akaweka glasi chini.

"Ya Mjerumani umenieleza mpaka nimeinusa, mimi nisiye na pua. Yangu umeipa neno moja."

Nikajishughulisha na kizibo cha chupa.

"Kisilu. Kesho nitasimama mbele ya wazee wa Kilungu na kusema hii ndiyo pombe ya nyumba yangu. Nitasema nini wakiitema?"

Mama alikuwa amekuja mlangoni. Nilitamani ardhi ile niliyokuwa nikilipwa kuichimba inimeze. Nikasema, "Imeharibika, Baba. Niliogopa tutaahirisha."

Nilingoja fimbo, mtu mzima nilivyo. Hakuinuka. Akasogea karibu. "Imeharibika vipi? Ni ukali wa siki?"

"Hapana."

"Ni kama maziwa yaliyolala?"

Nikaonja tena, safari hii kwa utulivu, kama Yugeni alivyonionya. "Ni kama gunia lililonyeshewa likakunjwa likiwa bichi."

Baba akajipiga paja. "Miatine! Ni miatine!"

Miatine ni yale matunda makavu yanayotiwa ndani ya asali na maji ili pombe ichachuke. Hutumiwa tena na tena. Alikwenda mbio ghalani, akarudi nayo. Mimi nikanusa, na kweli, ukungu ulikuwa umeingia ndani kabisa. Mvua ilivuja alipokuwa mgonjwa, na pua yake haikuweza kumwambia. Ungemwona! Alifurahi kama aliyemkamata mwizi wa mbuzi. Akamwaga vibuyu vyote viwili, mbele yangu, bila kusema neno kuhusu asali. Mjomba wangu akatumwa Kilungu kuomba wiki moja zaidi, na ile wiki sikupata usingizi, nikidhani Mbithe ataozwa kwingine.

Tukatafuta asali kwa jamaa, tukapata miatine safi, nikanusa moja moja, nikaonja kila siku na kumweleza baba yote, mazuri na mabaya. Jumamosi iliyofuata tukapanda vilima vya Kilungu. Baba yake Mbithe, mzee mrefu asiyecheka, akanywa, akakitazama kibuyu, akanywa tena. Halafu akasema, "Mzee, bado mkono wako uko."

"Mkono ni wangu," baba akajibu mbele ya wazee wote. "Kuonja ameonja mwanangu. Mimi nilimwamini tu."

Mwanangu, nimesifiwa mara chache maishani, lakini hakuna sifa iliyonifanya niangalie chini kama ile, kwa sababu nilijua ilivyokaribia kuwa uongo. Basi nakuomba hivi. Mtu akikuomba maoni juu ya kazi ya mikono yake, mpe uangalifu uleule unaovipa vitu vya wageni. Usimtupie neno moja tamu ili mambo yaende haraka. Mwambie kasoro iko wapi na inafananaje, apate kuitengeneza kungali mapema. Na ukiwa umekwisha kudanganya, rudi useme siku hiyohiyo.

Mungu akupe ulimi wa kweli na watu wa kuuamini. Akujalie nyumba ambayo wakwe watakunywa chai yake bila wasiwasi, na watoto watakaokwambia ukweli ukiwa mzee na pua yako imechoka.