Mama wa Matangi ya Mwani

Kila asubuhi mama anayetunza matangi ya mwani ufukweni Ilagala huyasalimu kwa Kirundi, "Bwakeye," kisha hushika mwiko mrefu na kuyakoroga taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Mwani wenyewe ni mdogo mno, hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni maji ya kijani tu. Yusta, mtaalamu aliyemwajiri mama huyo kutoka kambi ya wakimbizi, hupenda kumtazama akipima mbolea: hujaza kijiko, husita, huongeza chembe kidogo. Ndiyo maana ilimwia vigumu kumwambia, "Mama, kuanzia leo usiwape vijimwani hawa mbolea. Wakikosa chakula wataacha kuzaliana, wataanza kuweka mafuta mwilini. Mafuta hayo ndiyo tunayoyataka, ya kuendeshea injini."

"Mwenye njaa hanenepi, mwanangu," alijibu mama. "Kambini walipopunguza posho ya chakula, kitinda mimba wangu hakuweka mafuta."

Mama alitii, lakini siku zilizofuata alikoroga bila kusalimu, huku maji yakififia hadi yakawa rangi ya majani makavu. Yusta alipomwita maabara kwenye hadubini, mama aliinama akaona matone ya mafuta yaking'aa ndani ya kila kijimwani. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kweli wameweka," alisema. "Sasa watakula lini?"

Yusta alikuwa amekusudia kuvuna matangi yote siku ile.

"Tangi la mwisho hatulivuni," alisema. "Nenda ukawape mbolea, Mama."

Mama alikwisha kufika mlangoni.