Mstari wa Kumi na Nne

Nilikuwa na mdomo siku zile. Nilitoka Dar na cheti cha kompyuta, nikaajiriwa ofisi ya chanjo pale Makanyagio, nikajiona ndiye mimi. Karani wetu, mama mmoja Mbende wa Ikola, kule ziwani, aliandika kila kitu kwenye daftari la shule: bonyeza hapa, andika hivi, sababu yake hii. Nikamtania, "Mama, haya ni mapishi? Kompyuta haipikwi." Akacheka tu.

Asubuhi moja Landrova ilikuwa inasubiri nje, makasha ya chanjo ya surua yameshapakiwa, barafu inayeyuka. Safari ni Ikola, na bila orodha ya watoto waliokosa chanjo, wauguzi wangebahatisha. Orodha ilitolewa na programu yetu, na ili ivitambue vijiji vipya ilibidi niijenge upya kutoka kwenye maandishi yake. Nami kwa kiherehere changu nilishafuta chombo cha zamani cha kuijengea, nikaweka toleo jipya, lililokuja kwenye CD kwa treni.

Ikagoma. Mstari wa kumi na nne wa faili la maelekezo ya kujenga, ikasema, una chaguo nisilolijua. Kumbe watengenezaji wa chombo walikuwa wameliondoa kwenye toleo jipya. Nikageuza maneno hivi na vile, wapi! Kuufuta mstari niliogopa, maana sikujua kazi yake, na nikiharibu orodha je? Dereva akapiga honi. Nikamfokea, maskini, wala hakuwa na kosa.

Mama akasogeza daftari lake. "Mwanangu, hebu soma hapa."

Alikuwa ameandika kwa penseli: mstari wa 14 ni kwa ajili ya mashine yetu yenye kumbukumbu ndogo, ikija kubwa ufutwe.

Mashine kubwa ilikuwa na miezi miwili mezani kwangu. Lo, aibu niliyoiona! Nikaufuta. Programu ikajijenga mpaka mwisho, printa ikaanza kukwaruza.

Mama akahakiki karatasi kama kawaida yake, kidole kikashuka jina kwa jina, kikasimama. "Huyu ni mjukuu wangu," akasema.

Asubuhi yote alijua jina hilo litakuwamo, na hakunihimiza hata mara moja.

Landrova iliporudi nililitafuta jina lile kabla ya yote. Lilikuwa na tiki: amechanjwa. Nikampelekea karatasi kwa mikono miwili, nikamwambia asante, mama, na unisamehe mdomo wangu.

"Haya," akasema, akanisukumia daftari na penseli. "Andika kwamba umeufuta, na sababu yake."