Asali ya Baba Magesa

Mwanangu, naikumbuka vizuri asubuhi niliyofunga geti la nyumba yetu mtaani Bweri kwa kufuli. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, nami mwalimu nikawa nashinda nyumbani na redio. Serikali haikumzuia mtu kutoka. Aliyemzuia mume wangu, Baba Magesa, ni mimi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na redioni walisema wenye sukari ndio korona inaowaonea zaidi. Niliogopa mpaka akili ikanitoka.

Kabla ya hapo alikuwa akienda shambani kwa miguu kila asubuhi, na kliniki kupima kila mwezi. Yote nikayakatisha.

"Mama Magesa, mimi nilikuwaga natembea," alilalamika. "Sasa nakaaga tu hapa kwenye kiti."

"Utembee utuletee ugonjwa? Kaa!"

Basi nikajifanya daktari. Nilichemsha tangawizi na ndimu (wakati ule nani hakuchemsha?), na kwa kuwa ilimkereketa koo, nikamtilia asali. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu mchana, vitatu jioni. Asali safi kabisa, iliyotoka kijijini Suguti. Aliniuliza mara moja tu kama haitapandisha sukari. Nikamjibu kwa sauti yangu ya darasani kwamba asali ni dawa, sukari ni ile ya dukani. Akanywa.

Shule zilipofunguliwa nikafungua geti, nikamletea viatu vyake ili anisindikize. Cha kulia hakikuingia. Nilipomvua soksi aliyokuwa akishinda nayo, nikakuta kidole kina kidonda, kimeshakuwa cheusi, na mwenyewe hakuwa amesikia maumivu. Miezi ile yote nilikuwa nachungulia kikombe kama amekimaliza. Miguu yake sikuitazama hata siku moja.

Hospitalini walikuta uozo umeshapanda, wakamkata mguu chini ya goti. Daktari alipouliza alikuwa akitumia nini, Baba Magesa aliniwahi.

"Nilizembea mwenyewe, daktari."

Mpaka leo wageni wakija anawaambia hivyo hivyo, nami nakimbilia jikoni kana kwamba chai inamwagika. Naona aibu, mwanangu. Na aibu kubwa si ile asali, maana niliitia kwa kumpenda. Ni kwamba miaka yote hii nimemwacha abebe kosa langu, naye amebaki na mguu mmoja.

Jumapili iliyopita wageni walipouliza, sikwenda jikoni. Nilisema, "Ni mimi niliyemfungia, nikampa asali." Baba Magesa aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Nilikuwaga najua asali ni sukari, mke wangu."

Kwa hiyo nisikilize. Ukimpenda mgonjwa, usimfungie kwa hofu yako. Mwache atembee, umpeleke akapime, na dawa za majirani muulize daktari kwanza. Mwenye sukari mtazame miguu kila siku. Ukikosea, sema mapema, usingoje miaka kama mimi. Mungu akujalie uwaone watu wako wakitoka getini kwa miguu yao yote miwili, na uwaone wakirudi.