Aliyeulizwa Kama Anaitaka Nchi

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya uhamiaji Bukoba, Mkuu wa Kituo alinisimamisha mbele ya meza yake, viatu vipya vikinibana, akasema, "Binti, kazi yetu ni swali moja tu: wewe ni wa wapi? Mengine yote ni mbwembwe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Baadaye nilihamishiwa Muleba. Huko tulivuka kwa boti kwenda kwenye mialo ya visiwani, wavuvi wanakoshusha dagaa na sangara. Ndiko nilikomkuta Mzee Ouma. Wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa. Yeye alizaliwa kisiwani, akaoa Mhaya, Anastazia, akamzika hapo hapo. Kisheria hakuwa raia wetu, na ng'ambo hakuna aliyemjua. Nikamweleza habari ya tajnisi, yaani uraia wa kuomba: aombe na kula kiapo, au aondoke.

Aliendelea kushona nyavu. "Wewe uliomba lini, mama?"

"Mimi nilizaliwa raia."

"Nani alikuuliza kama unataka?"

"Hakuna."

"Mimi leo naulizwa, na boti ya kuniondoa iko pale. Huko ndiko kuulizwa?"

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka mwendesha boti akaniita. Ndipo mzee aliposema, "Nitaomba. Nikiondoka, nani atapalilia kaburi la Anastazia?"

Ombi lilikubaliwa. Siku ya kiapo nilisimama karibu naye. Alipomaliza, Afisa Mfawidhi alimpa mkono. "Karibu nyumbani, mzee."

"Nilikuwa nyumbani, waitu," akajibu, kwa neno la heshima la Kihaya.

Ninyi vijana mnaoingia kazini leo, sijui mtakutana na nani. Mimi sikumpata hata mmoja aliyechagua nchi kama mtu anavyochagua kitenge dukani.

Sasa nimestaafu, niko Nyanga, kwenye kibanja cha migomba cha marehemu mume wangu. Napika ndizi za mtu mmoja, na bado nazidisha. Jumapili moja nikitoka misani, binti yangu, muuguzi huko Ulaya, alinipigia.

"Mama, nimeapa. Nimekuwa raia wa huku."

Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili. Siku atakayokuja kunizika, ataingia kwa viza.

"Ulitaka?"

"Watoto wangu wamezaliwa huku, Mama. Ningefanyaje?"

Nikamwambia hongera, maana ndivyo tulivyowaambia wote walioapa mbele yetu. Simu ilipokatika nilibaki nimesimama kando ya barabara, waumini wakinipita, wakinisalimia kwa jina.